Kikombe Changu cha Kahawa na Magamba ya Viwiko Vyangu

Sokomuhogo, Unguja
Mwezi wa Rajabu, 1325

Kwa janabu Bwana Thuwaini, mwenye baraza. Nakutakia afya, wewe na wote wa nyumbani.

"Mwenye magamba mwilini asinywe kikombe kimoja na watu." Hayo aliyasema Bwana Khelef wiki iliyopita barazani kwako, mbele ya watu tisa, na tangu siku hiyo mimi hutiliwa kahawa katika kifuu cha nazi. Nimesoma vitabu vya tiba vya Waarabu na vya Wahindi; hakuna hata kimoja chenye maneno hayo. Daktari wa Kigoa amenitazama viwiko na magoti, akasema si ukoma, si choa, wala hauambukizi kwa mkono wala kwa kikombe. Ni ugonjwa wa ngozi unaokuja na kwenda. Dawa yake ni mafuta laini kila nikishaoga, maji ya bahari, jua la asubuhi, na subira.

Malalamiko yangu ni haya.

La kwanza. Kila mnywaji kahawa hapo kwako amekuwa tabibu. Bwana Jaku alinihimiza nipake sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa vyombo vya baharini. Nikapaka. Mke wangu, Bi Tamima, akaniambia, "Nenda kalale pwani na ngalawa wenzio." Kesho yake Jaku huyo huyo akahamia upande wa pili wa baraza, kaziba pua.

La pili. Bwana Usi akaniletea unga wa Goa, ile dawa kali ya kupaka ngozi, akaapa kuwa kadiri unavyochoma ndivyo unavyoponya. Kuchoma, umechoma. Kanzu yangu ya Ijumaa imekuwa ya zambarau, na msikitini nimeulizwa kama siku hizi natia rangi vitambaa.

La tatu. Niliposhika mafuta ya daktari, yasiyonuka wala kuchoma, mkacheka: dawa gani hiyo, haiumi?

La nne ni kifuu.

Basi naomba, kwa adabu zote, kuanzia Ijumaa hii atakayemshauri mwenziwe dawa aipake kwanza yeye siku saba, mwili mzima, na kanzu nyeupe juu yake. Tena, kwa kuwa ngozi inaogopwa hivyo, kila mtu avue kanzu kabla ya kahawa, akaguliwe mgongo. Mwenye upele, kovu au alama ya mbu, apewe kifuu. Naona vifuu vya Unguja nzima havitatosha.

Nanyi watu tisa mtakaosomewa barua hii, mnanijua miaka ishirini. Kesho alasiri nitakaa mahali pangu pa siku zote. Nataka kikombe kile kile cha kaure, kikizunguka, kinifikie na mimi. Asiyetaka kunywa baada yangu, aniambie usoni.

Nisalimie Bi Jokha wa nyumbani kwako, na mzee wako, na muuza kahawa, ambaye hana kosa.

Ni mimi, jirani yako,
Zahor bin Matar

Nimeshatia sahihi, nikaletewa habari kuwa Bwana Khelef ameota magamba nyuma ya sikio. Maskini. Mwambieni asipoteze wakati kwa daktari. Apake sifa, na unga wa Goa juu yake. Na kile kifuu changu mpeni yeye, mpaka tujue ana nini.