Kwa Aliyeinunua Miwani ya Sebuleni Kwangu

Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Kampuni Kubwa,
huko juu ghorofani kwako.

Mwanangu,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, ambayo siku hizi yana serikali yao. Natumaini nawe ni mzima. Kama unaumwa, upone kwanza ndipo uendelee kusoma, maana sipendi kumgombeza mgonjwa, na leo nina kazi ya kukugombeza.

Mimi sikusoma. Anayeniandikia ni Radi, fundi cherehani, binti wa jirani, mwenye mwandiko wa kueleweka. Radi si jina alilopewa na mama yake, ni jina lake la mchezoni, lakini limemkaa hata mama yake ameliacha lile lingine. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinilainishie. Tayari ameomba tuondoe neno moja hapo juu. Limeondoka hilo moja tu.

Shauri langu ni hili. Kulikuwa na kampuni changa ya vijana waliotengeneza miwani ya michezo, ile nyeusi kubwa kama bakuli la kunyweshea kuku, ambayo mtu akiivaa anaacha kuona sebule yangu anaanza kuona milima. Umeinunua kampuni hiyo. Sasa mimi naishi na mjukuu wangu, Kamanda. Huko mchezoni anaongoza jeshi. Hapa nyumbani akipita mende ananiita mimi. Yeye, na Radi, na Kinyozi wa pale kona, pamoja na wenzao, walichanga wakapata miwani moja. Ikawekwa kwangu, kwa sababu sebule yangu ni kubwa na mimi sitoki. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika biashara yako bila kuomba kazi.

Malalamiko nimeyapanga kwa namba. Radi anasema wakubwa hamsomi kitu kisicho na namba.

1. Umenunua bila kupiga hodi. Mtu akinunua nyumba yenye wapangaji, hata kama adabu hana kabisa, atapita siku moja kuwaona anaotaka kuwasumbua. Hawa watoto walianza kuchangia kampuni ile miwani ikiwa bado mchoro. Mchoro, mwanangu. Kamanda alivaa viatu vinavyocheka mbele na nyuma ili mchoro wa watu wengine upate miguu. Wenye kampuni wakawaita familia. Kila barua ilianza hivyo: wapendwa wana familia. Sasa kampuni imeuzwa, waanzilishi nasikia wamepata za kuwatosha wao na watakaozaliwa, na familia imepata fulana. Imeandikwa kifuani, Tumefika Pamoja. Ni moja, kwa kuwa walichangia kwa jina moja, na ni ya saizi ya mtoto. Naifutia meza. Inafuta vizuri, hilo sitakunyima.

2. Umeniletea msiba usio na marehemu. Habari zilipotoka, Kinyozi alikuwa na mteja kitini. Alisoma simu, akaweka mashine chini, akaja kwangu. Mteja akamfuata nyuma, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado msitu. Wakamkuta Kamanda amekaa sakafuni na miwani mapajani kama mtu aliyekabidhiwa nguo za marehemu. Jirani wa kushoto akaona viatu vingi mlangoni na ndani hakuna anayesema, akaingia na pole zake. Akaniuliza ni nani. Nikamwambia ni kampuni. Akauliza kama iliugua muda mrefu. Kinyozi akamjibu kwamba haikuugua, imechukuliwa ikiwa na afya yake, na hilo ndilo linalouma. Yule mama akalia machozi ya kweli. Mteja naye akalia, ila yeye alikuwa na sababu zake.

Nilichemsha chai ya watu wote hao. Hata sukari hukuleta.

3. Masharti yako mapya. Yalikuja kwenye simu ya Kamanda, na kwa kuwa hakuna aliyeyasoma, nikamwomba Radi anisomee kwa sauti nikiwa napika. Maharage yakaiva. Tukala. Nikaosha vyombo. Radi bado anasoma, sauti imekauka. Nilichoelewa ni kwamba mwanzo unasema unajali sana siri za mtu, na kuanzia hapo mpaka mwisho unaziomba moja baada ya nyingine. Unataka kujua dari iko juu kiasi gani, kiti kiko wapi, mtu anageuza shingo kuangalia nini, na mkono wake unatetemeka lini. Mwanangu, sebuleni kwangu kuna kamba ya nguo. Siku za mvua naanika humo humo. Kwa hiyo sasa kuna mahali, katika jumba lako lenye baridi, pameandikwa hali ya nguo zangu za ndani. Daktari wangu mwenyewe hajui kiasi hicho, na yeye nilimpa ruhusa.

4. Radi, acha nafasi hapo. La nne ninalo, lakini sijawa tayari kulisema.

5. Matangazo. Mchezoni kuna mlima ambao Kamanda amehangaika nao tangu miwani ilipofika. Kila akianguka tulikuwa tunasikia kishindo hapa chini, maana na yeye huanguka kweli. Juzi alifika kileleni. Alikuwa akituhadithia anachokiona, hatua kwa hatua, sisi tumetulia tuli, Kinyozi amemshika kiuno asije akapiga kabati. Alipogeuza uso kutazama bonde, simulizi ikakatika. Nikamuuliza kuna nini huko. Akasema, Bibi, kuna dawa ya meno. Umesimamisha bango la dawa ya meno juu ya mlima wa watu. Radi naye alipigwa risasi akiwa bado anatafuta pa kubonyeza kufunga tangazo la mikopo. Hata vita vya uongo vina heshima zake. Mtu anayejificha asiitwe aje kukopa.

6. Hapa nitakuwa mkweli: hili nawalalamikia wao kwako, kwa sababu mimi hawanisikii. Walikasirika sana. Kamanda aliapa kwamba hataigusa miwani tena maishani, na maisha hayo yakafika mpaka jioni. Kisha wakakusanyika wakapanga mgomo. Nikawauliza, mnagoma vipi. Wakasema, tutaingia mchezoni sote, sisi kwa zamu na wenzetu wa kila nchi, tukae uwanjani kimya bila kucheza, kampuni ione uchungu wetu. Nikawauliza, mnamgomea mwenye duka kwa kwenda kujaa dukani kwake. Kinyozi akaniambia, Bibi, haya mambo ya mtandao huyaelewi. Basi nikamenya vitunguu vyangu.

Wakaenda wakajaa. Kesho yake ikaja barua kutoka kwako, ina puto na vimetameta, inawashukuru kwa kuvunja rekodi ya mahudhurio, na inasema mafanikio haya yanaonyesha jinsi wateja walivyoupokea muungano. Kamanda akaandika matusi marefu kwenye mtandao wa picha, ambao nao ni wako. Baada ya matusi, simu ikamwonyesha tangazo la miwani.

Sijui nikucheke wewe au niwacheke wao. Nilianza na wao kwa kuwa wako karibu.

7. Sasa usije ukasema bibi huyu anasema asichokijua. Nimeingia humo. Walinivalisha siku moja wapate kunicheka, wakanitupa katikati ya vita. Nikaona vifusi, moshi, na vijana wenye bunduki wanakimbizana. Mimi nikafanya kama ninavyofanya nikiingia mahali pa watu. Nikapiga hodi. Mmoja akanijia na bunduki yake, nikamuuliza, wewe mtoto wa nani, na mbona uko nje muda huu, umekula. Akasimama. Kisha sauti ya kijana ikasema, shikamoo, Bibi. Nikaitikia. Akaniambia hajala. Nikamwambia aweke hiyo takataka chini akale, vita atavikuta. Akaenda. Wa pili akaja, naye nikamuuliza vilevile. Kamanda anasema uwanja ule ulibaki mtupu, na upande wake ukashinda bila kupiga risasi hata moja. Mpaka leo kuna wanaoniulizia.

Nakueleza haya ili ujue kwamba ulichonunua si miwani. Vioo na plastiki ungetengeneza mwenyewe, una mashine. Ulichonunua ni hao vijana waliokwisha kuzoeana, na hukuwauliza bei yao kwa sababu wewe hukuona kama ni wao wanaouzwa.

Sasa la nne. Radi, rudi juu uandike, au liandike hapa hapa, atatafuta mwenyewe.

Umeweka sheria kwamba miwani moja ni mtu mmoja na uso mmoja. Mwisho wa mwezi huu, miwani isiyo na uso wa mwenyewe italala na haitaamka. Na kwa wateja wa zamani umepunguza bei, ili kila mmoja awe na yake, kwake. Wenyewe mmeandika kwamba ni zawadi.

Mzee wangu alipoondoka, sebule hii ilibaki na kiti chake na redio. Nilikuwa naiwasha redio asubuhi ili nyumba isijione iko peke yake. Mchana niliongea na yule mtangazaji wa hali ya hewa, na nilikuwa namjibu. Kisha ikaja miwani moja. Anayecheza ni mmoja, mwanangu, hebu fikiri vizuri: wengine wote wanasubiri. Na anayesubiri hawezi kukaa mikono mitupu, atamenya kiazi, atanichotea maji, atanisimulia aliyeachana na nani. Radi ameshona mapazia haya akisubiri zamu. Kinyozi hunikata kucha za miguu, ambazo mimi sizifikii tena, akisubiri zamu. Wanagombana zamu ya nani, nami ndiye hakimu, na nahukumu kwa upendeleo kabisa. Nimezima redio tangu siku hiyo.

Sasa Kinyozi ameshaondoa ndoo zake chumbani kwake ili kutengeneza pembe ya kuchezea. Radi anaweka akiba; hajaniambia, lakini hapa anapoandika ameinamisha kichwa. Kamanda atabaki, ndiyo, atavaa miwani yake asinione. Mimi miwani sina haja nayo. Nina haja na wanaosubiri.

Kwa hiyo naomba, na kuomba kwangu ni kama amri, nikiwa mkubwa kwako kwa umri:

Kwanza, irudishe kampuni kwa wenyewe. Fulana nitaifua niirudishe.

Pili, kama umeshasahau ulipoiweka, maana nasikia unanunua nyingi, basi futa sheria ya uso. Miwani imtambue yeyote atakayevaa, kama kofia.

Tatu, kama nalo ni gumu, niachie mimi kampuni niiendeshe. Nitawauzia watu miwani moja kwa kila mtaa, wala si zaidi. Atakayeomba ya pili nitamuuliza amegombana na nani.

Nne, kama yote yamekushinda, njoo mwenyewe ukae kwenye mkeka wangu, usubiri zamu. Nitakupa viazi umenye. Nadhani hakuna aliyekusubirisha siku nyingi, na inaonekana.

Nisalimie mama yako, mwambie sina ugomvi naye, alifanya alivyoweza. Wasalimie mafundi wako wote, na mfagiaji wa hapo ofisini kabla ya mafundi. Msalimie na yule dada anayejibu kila barua ya Kamanda kwa kusema asante kwa kuwasiliana nasi. Radi anasema si mtu, ni mashine. Msalimie hivyo hivyo, kazi anafanya.

Ni mimi mkubwa wako, nisiyetaka zawadi,

Bibi yake Kamanda
(dole gumba la kulia, wino ni wa Radi)

Nyongeza. Ilikuwa barua hii iende posta, lakini imeingia jambo. Mchana huu miwani iligoma kuwaka, ikasema haisubiri mwisho wa mwezi, inataka uso wa mwenyewe sasa hivi. Wakaanza kubishana. Kamanda akasema uso ni wake, kwa kuwa nyumba ni ya kwao. Kinyozi akasema mchango mkubwa ulikuwa wake. Radi aliacha kalamu akaingia vitani. Walipochoka, Kinyozi akaniangalia, akasema, huyu hana upande. Wakanigeuzia miwani kabla sijavaa hata meno. Ikanitazama na mikunjo yangu yote, ikafikiri kidogo, ikaandika, karibu mwenyewe.

Kwa hiyo mwenyewe ni mimi. Haiwaki mpaka inione. Kila baada ya muda inataka kuniona tena, na kama nimeenda kwa jirani, wananifuata huko mbio na miwani mkononi kama wamebeba mtoto mgonjwa. Nimekuwa nao hapa tangu mchana, na Kinyozi amerudisha ndoo zake mahali pake.

Basi mwanangu, barua hii ichane. Kampuni usimrudishie mtu. Sheria ya uso ishike kwa nguvu zako zote, na wakikuandikia barua kukuomba uilegeze, hasa yenye mwandiko mzuri wa fundi cherehani, usiisome. Lile punguzo la bei liondoe leo, miwani iwe ghali sana, zaidi ya ilivyokuwa. Masharti yako nimeyakubali yote. Kamba ya nguo nimeisogeza, uione vizuri.

Na lile tangazo la mafuta ya magoti lililopita nilipoivaa, lilipita upesi mno. Lirudishe.

Naishia hapa, wananiita nikaonyeshe uso.