Simu za Hakimu na Saa ya Fidla

Mimi nauza chakula cha kuku, mbegu na waya wa uzio hapa Bonner Gap, milimani Tennessee. Kahawa natoa bure, na hilo ndilo kosa langu la maisha. Kwa ajili ya kahawa hiyo, kila asubuhi benchi langu la kando ya magunia linakaliwa na watu wanne ambao hawajanunua kwangu hata punje ya mahindi tangu theluji iyeyuke.

Ijumaa iliyopita wa mwisho kufika alikuwa Breki. Jina lake hasa ni Nadine Cope. Aliendesha basi la shule miaka thelathini na minne, na mpaka leo anaongea kama vile kuna watoto wanapigana nyuma yake. Aliingia na gazeti la kaunti mkononi, analipunga.

"Mmesoma?"

"Tusome nini na kahawa yenyewe haijashuka?" akajibu Diseli, fundi wa magari, mtu ambaye hata kanisani anaenda na kucha nyeusi.

"Redio ya Bondeni inafuta Saa ya Fidla. Leo saa sita mchana wanatangaza rasmi."

Jamani, benchi zima lilisimama. Saa ya Fidla ndiyo saa pekee iliyobaki katika wiki nzima ambayo mtu wa bonde hili anaweza kufungua redio akasikia fidla. Jumamosi, saa tatu asubuhi mpaka saa nne, basi. Muda mwingine wote ni yule kijana mwimbaji, Tanner Voss, na wenzake wa aina hiyohiyo.

"Wafungwe!" Hakimu akalipiga ngumi gunia la pumba. Huyu anaitwa Lester Crabtree. Mahakamani ameingia mara moja tu, tena yeye ndiye aliyeshtakiwa, kwa sababu ya jogoo, lakini hakuna jambo hapa duniani ambalo hajalitolea hukumu. "Nasema wafungwe! Na humo ndani wapigiwe ule wimbo wa Voss, Pikapu Yangu Ina Taa, kutwa kucha!"

"Aa, hapo unaua sasa," Diseli akasema. "Wimbo gani ule? Pikapu, bia, barabara ya vumbi, binti. Umekwisha. Anaanza upya: pikapu, bia..."

"Na huyo binti mwenyewe!" Breki akadakia. "Amekaa nyuma ya pikapu tangu mwaka niliostaafu. Mvua yake, jua lake. Hana kwao? Mama yake hamtafuti?"

"Atashukaje, dada, na wimbo hausimami?"

"Zamani mwanamke kwenye wimbo alikuwa na kazi ya kufanya," Hakimu akanyoosha kidole. "Anakuacha! Jumatatu anakuacha, Jumanne unalewa, Jumatano unamzika mama, Alhamisi uko jela, Ijumaa treni inapita unaililia. Hiyo ndiyo kantri, muziki wa kwetu! Wimbo usio na aliyeachwa, aliyefungwa wala aliyekufa, huo ni tangazo la bia."

"Na ngoma yenyewe inapigwa na kompyuta," Diseli akaongeza.

"Kompyuta imeachwa na nani? Kompyuta imezika nani? Nijibuni!"

"Mmeziona jinzi za huyo Voss?" Diseli akainua mguu kutuonyesha goti. "Hii ilichanika kwenye seng'enge nikimvuta ndama. Zake zimechanwa kiwandani, halafu zikapigwa pasi."

"Si wanasema ni kijana wa shamba?" nikawachokoza kutoka kaunta. Huwa siwezi kujizuia.

"Shamba gani, Imogene!" Diseli akang'aka. " Kazaliwa mtaa wenye geti. Ng'ombe kamjua kwenye boksi la maziwa."

Muda wote huo Chuma alikuwa kimya. Chuma ni Orville Stamper. Kwa miaka arobaini alipiga lile gitaa linalolazwa kama meza, huku anaburuza kipande cha chuma juu ya nyuzi na miguu inakanyaga pedali, mpaka wimbo unalia wenyewe. Sasa baridi yabisi imemkunja vidole, hata kikombe anakishika kwa mikono miwili.

"Chuma, sema kitu basi. Muziki wako ndio unazikwa," Diseli akamwambia.

"Wametoa sababu?" akauliza. "Nadine, hebu soma hapo."

Breki akavaa miwani. "Uamuzi umetokana na simu za wasikilizaji wenyewe. Mwezi uliopita wimbo wa Pikapu Yangu Ina Taa ulitajwa katika simu mia mbili na kumi na mbili, na kuwa wimbo unaowagusa zaidi watu wa kaunti yetu. Saa ya Fidla haikutajwa hata mara moja."

"Mia mbili na kumi na mbili!" Hakimu akashika kichwa. "Ni nani hao? Hapahapa kwetu? Nitajieni majina yao, haki ya Mungu naenda nyumba kwa nyumba!"

Breki akashusha gazeti polepole. Yule mama kwa miaka yote hiyo alikuwa akitazama kwenye kioo cha basi nani katupa kitu, na sasa alimtazama Hakimu vilevile.

"Lester. Wewe huwa unapiga simu pale redioni?"

"Napiga sana! Kila wakiupiga huo uchafu nawapigia, nawapa vidonge vyao."

"Mara ngapi?"

"Kwani wao wanaupiga mara ngapi?"

"Lester!"

"Mara saba kwa siku. Jumapili sipigi, niko kanisani."

"Na ukipiga unautaja kwa jina?"

"Sasa nisipoutaja watajuaje ninaulaani upi?"

Diseli alikuwa ameshaanza kuhesabu kwa zile kucha zake. "Saba mara siku ishirini na sita... mia moja themanini na mbili. Bado thelathini." Halafu akakohoa, akaangalia dari. "Hizo thelathini, nadhani, ni zangu."

"Mungu wangu!" Breki akalipiga benchi kwa gazeti. "Yaani kaunti nzima mashabiki wa Tanner Voss ni nyie wawili!"

"Yule binti wa simu ananiambiaga asante kwa maoni yako, mzee," Hakimu akasema, sauti imekuwa nyembamba. "Nikadhani anaandika ninayosema."

"Anaandika jina la wimbo, anaweka alama, anakunywa chai yake," Breki akamjibu.

Nilicheka mpaka nikaegemea mizani. Halafu nikamwona Chuma hacheki.

"Haya, na Saa ya Fidla?" Breki akauliza. "Mbona hakuna aliyeipigia?"

"Nipige saa ngapi?" Diseli akasema. "Ikianza nazima injini, nakaa chini, nasikiliza. Fidla inalia, wewe uko kwenye simu unaongea? Huo si utovu wa adabu?"

Na ndivyo tulivyo wote hapa, mimi nikiwemo. Tulinyamaza kwa heshima, nao wakahesabu kwamba hatupo.

"Hata mimi sikupiga," Chuma akasema. Akaweka kikombe chini. "Kuna Jumamosi huwa wanaweka ile santuri yetu. Siyo kila wiki. Ruthanne anaimba, mimi niko nyuma yake na chuma."

Ruthanne ni mkewe. Tulimzika miaka sita iliyopita.

"Lakini santuri si unayo nyumbani?" Diseli akamuuliza taratibu.

"Ninayo. Nikiiweka mwenyewe najua anakuja. Redioni sijui. Naosha sahani zangu, mara huyo, kaingia. Ananishtua, vile alivyokuwa akiingia jikoni kimyakimya ananifinya." Akapangusa pua kwa mkono wa shati. "Nyie wawili mmemfungia mlango mke wangu."

Hakimu akavua kofia. Nimemjua miaka ishirini, sikuwahi kujua ana upara.

"Sasa ni saa tatu na nusu," Breki akasema, akainuka. "Tumebakiwa na saa mbili na nusu. Toeni simu. Sheria ni moja: kusifu tu! Hakuna kulaani, na neno pikapu nisilisikie."

Diseli akaanza. "Haloo. Saa ya Fidla ni kipindi kizuri. Hakivuji." Akakata.

"Hakivuji?"

"Sasa mimi najua sifa gani nyingine?"

Ikafika zamu ya Hakimu. Jasho linamtoka. "Haloo, binti. Ndiyo, ni mimi yuleyule. Leo napiga kusifu. Saa ya Fidla ni kipindi cha heshima, cha watu waliojua kupiga, watu walioteseka, siyo ule utumbo wenu wa Pikapu Yangu Ina..."

Breki akamnyang'anya. "Mia mbili na kumi na tatu! Umewaongezea!"

"Limenitoka lenyewe!"

Simu yake nikaifungia ndani ya friji ya dawa za ng'ombe. Halafu nikasimama mlangoni. Kila mteja aliyeingia nilimwambia wazi: gunia halitoki mpaka upige. Mke wa mchungaji alipiga mara tatu, akaomba nisimwambie mumewe. Mama mmoja wa Ohio aliyepotea njia alipiga pia, akasema kwao hawana desturi hii lakini ni nzuri. Breki naye alikuwa na namba za watoto wote aliowahi kuwabeba, ambao sasa ni watu wenye vitambi. "Wewe! Asubuhi ngapi nimekusubiri kituoni hujafunga viatu? Piga sasa hivi, na mkeo apige!" Diseli akawa anachora mistari kwa chaki kwenye sakafu yangu, na nafasi ikamwishia.

Saa sita tukafungua redio. Chuma alikaa karibu nayo kabisa, magoti yakiigusa.

"Wasikilizaji, mmetushinda!" mtangazaji akapiga kelele. "Simu mia mbili na arobaini asubuhi moja! Saa ya Fidla haiendi popote!"

Wee! Diseli alimkumbatia Hakimu, Hakimu akalikumbatia gunia, Breki akapiga mluzi mpaka mbwa wa nje wakaitikia. Chuma alicheka. Nilikuwa sijamwona akicheka hivyo tangu msiba.

"Na kwa kuwa mmeipenda kiasi hiki," redio ikaendelea, "tumeiboresha! Kuanzia kesho itachukua saa mbili nzima, na mwendeshaji wake ni Tanner Voss mwenyewe! Zile nyimbo zenu za zamani ataziimba upya yeye, zote, kwa mdundo wa kisasa! Na kwa furaha hiyo, twende pamoja na..."

Nikaizima. Kile kitufe mpaka leo hakikai sawa.

Lori lilipita nje, likaenda zake.

"Imogene," Hakimu akasema baadaye, "nipe simu yangu."

"Ukilaani wanahesabu, Lester."

"Basi nisifu."

"Ukisifu wanaboresha."

Akakaa chini. Mimi nilikuwa na hasira ya kuweza kurusha mizani dirishani. Simu mia mbili na arobaini zimepigwa kusema tunakipenda kitu, na jibu la redio ni kukibadilisha!

Chuma alikuwa ameshasimama, anahangaika na vifungo vya koti. Breki akamsaidia, na Chuma, ambaye huwa hakubali kusaidiwa, leo hakumkatalia.

"Nadine," akasema, "kesho saa tatu njoo kwangu. Santuri ziko kabatini sebuleni, kama mia tatu hivi. Mimi nitakuwa jikoni na vyombo vyangu. Utachagua wewe. Usiniambie unaweka ipi."

"Sawa, Orville."

"Na ile ya Ruthanne usiiweke kila wiki."

Breki aliitikia kwa kichwa.

"Na sisi?" Diseli akauliza.

"Njooni. Kila mtu na kiti chake."

"Na mimi?" Hakimu akauliza, kofia bado iko mkononi.

Chuma alimtazama muda mrefu, mpaka nikamwonea huruma yule mzee mpumbavu.

"Na wewe njoo. Utakausha sahani."

"Nikiona kitu hakijakaa sawa, naruhusiwa kulalamika?"

"Lalamika mpaka jioni," Chuma akasema, akafungua mlango. "Ila atakayeniletea wazo la kuboresha, namfungulia mbwa."