Mayai Kumi na Matano Bila Baba

Jumatatu, 4 Mei

Leo nimekuwa mtu wa maana. Nimemwekea kuku mayai kumi na matano na ameyaatamia bila ubishi.

Chanzo ni kikao cha familia cha jana. Dada mkubwa wa mke wangu, mjane mwenye watoto watatu, amefiwa na kuku wake wote arobaini. Ugonjwa wa kideri, juma moja tu. Kuku hao ndio waliokuwa wakimlishia wanawe. Ndugu wote wakakaa kimya, kila mmoja akichunguza vidole vyake vya miguu. Mimi nikasimama. Nikasema shemeji afute machozi, baada ya wiki tatu nitampa vifaranga. Mdomo ulitangulia, akili ikafika baadaye. Lakini ilipofika ilikubali. Nina matetea sita na wote wanataga kama wanalipwa.

Jogoo sina. Sijawahi kuona kazi yake. Anakula, anapiga kelele, hatagi. Wanaume wa namna hiyo ninao wa kutosha kwenye benchi la kinyozi, yaani kibandani kwangu.

Jioni mke wangu alianza kuniambia jambo kuhusu hayo mayai. Nilikuwa bado naeleza mpango.

Jumamosi, 9 Mei

Siku mbaya. Mteja wangu wa asubuhi alikuwa mwalimu mstaafu wa sayansi. Nilipofika katikati ya kichwa nikamsimulia habari za vifaranga. Akauliza jogoo wangu ni wa mbegu gani. Nikasema sina jogoo. Akanitazama kama daktari anayetafuta namna ya kuanza.

"Kuku hutaga bila jogoo, kama nywele zinavyoota bila kinyozi," akasema. "Lakini kifaranga anataka baba."

Mashine ikateleza. Kutoka paji la uso hadi utosini ikatokea barabara. Mwalimu ameondoka na kipara kamili, na hakikuwa chaguo lake.

Kabla hajaondoka nilimuuliza: je, jogoo akiletwa sasa? Akasema haisaidii, yai likishatagwa limeshafunga mlango. Nikaitikia kwa heshima. Sikukubali. Mwalimu alisoma zamani sana.

Nyumbani nimemkuta shemeji uani. Ameanza kujenga banda jipya kwa fito na mlango wa kabati bovu. Akanionyesha malengelenge viganjani huku anacheka. Alikuwa hajacheka tangu msiba wa kuku. Akauliza vifaranga wanaendeleaje. Nikasema wanaendelea vizuri. Vifaranga gani, Mungu wangu.

Jumapili, 10 Mei

Jogoo pekee wa karibu ni wa fundi seremala, tunayepakana naye ukuta. Jogoo anaitwa Kamanda. Na miezi sita iliyopita nilimshtaki huyo Kamanda kwa kiongozi wa mtaa kwa kosa la kuwika. Barua niliandika mwenyewe, kurasa mbili. Nilimwita "king'ora chenye manyoya".

Nimekwenda na uso mkavu. Fundi hakuacha kupiga randa. Maranda yakawa yananiangukia viatuni. Nikaeleza shida yangu kwa mbali, kisha kwa karibu. Akasema yeye hana neno, ila aliyekosewa si yeye. Akanyoosha penseli kuelekea banda.

Nimemwomba radhi jogoo. Mara mbili, kwa sababu fundi alisema mara ya kwanza hakusikia vizuri. Mke wa fundi aliingia ndani haraka, mabega yakimtikisika. Nadhani maneno yangu yalimgusa.

Jumatano, 13 Mei

Kamanda ana siku tatu kwangu. Mpango ulikuwa rahisi: asimame karibu na mayai, awike, ubaba umwingie kila mmoja aliye ndani. Kuku wangu hakumpa nafasi. Aliinuka kwenye kiota akamtandika kabla hajafungua mdomo. Kamanda akarukia paa la jiko. Tangu hapo anawika huko huko, na matetea wengine watano wamekusanyika chini wakimtazama kama wamekuja mkutanoni. Mayai hana habari nayo.

Nimeweka ngazi nikamfuate. Nimeshuka kabla yake, na si kwa ngazi. Kiuno.

Mke wangu alipokuwa ananichua akasema kuna kitu anataka nikijue. Nikamwomba aache nipumzike, nina mambo mazito kichwani.

Jumatatu, 18 Mei

Silali, sili nikashiba. Leo nimemkata mteja sikio. Kidogo tu, lakini yeye hakuliona kuwa dogo.

Kamanda nimemrudisha. Fundi alimpapasa mbawa zote mbili mbele yangu, kama anayekagua gari lililoazimwa.

Mwalimu amekuja kunyolewa ndevu. Ameniambia yai humulikwa kwa tochi gizani na mambo ya ndani huonekana. Yai viza, akasema, huwa na weusi. Aliendelea kueleza mengine lakini mimi nilikuwa nimeshavua aproni.

Nimejifungia stoo mchana, gunia dirishani, tochi mkononi. Yai la kwanza, jeusi. La pili, jeusi. La tano niliomba nikiwa nimefumba macho. Jeusi. Yote kumi na matano yana giza ndani. Nimeyarudisha chini ya kuku. Shemeji amekwisha kuezeka banda.

Jumapili, 24 Mei

Kesho ndiyo siku. Shemeji ametuma salamu kwamba atakuja na kikapu.

Asubuhi nimepata mpango wa mwisho. Mayai yazikwe, kisha nitangaze kwamba kicheche ameingia bandani. Nimechimba shimo nyuma ya choo. Nilikuwa nimekwisha kuyatia mayai kwenye ndoo, kuku ananifuata akinidonoa vifundo vya miguu, mke wangu akatokea kwenye kona ya nyumba. Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu.

"Rudisha hayo mayai," akasema. "Si yako."

Nikamwambia yameoza. Akachukua moja, akalibandika sikioni kwangu. Ndani kulikuwa na kitu kinagonga. Kidogo sana, kama ukucha juu ya mlango.

Nikakaa chini. Kumbe ule weusi ulikuwa vifaranga wenyewe. Ndipo akanieleza. Jumatatu ile ile niliyoweka mayai, yeye alikwenda kwa mke wa fundi akaomba mayai ya kuku wanaoishi na Kamanda, akayabadilisha nikiwa kazini kwangu. Dada yake, akasema, asingestahimili kufiwa na kuku mara mbili. Alijaribu kuniambia mara mbili. Mara zote mbili mimi ndiye niliyekuwa na maneno.

Nikauliza yale ya kwangu yalikwenda wapi.

"Uliyala," akasema. "Ukasema hujawahi kula mayai matamu vile."

Nikauliza kama fundi anajua. Anajua tangu siku ya kwanza. Yaani alinisimamisha mbele ya jogoo, akaniambia hakusikia vizuri, na alikuwa anajua.

Nimeyarudisha mayai chini ya kuku, kisha nimelifukia shimo langu.

Jumatatu, 25 Mei

Wametoka kumi na watatu. Mayai mawili yamebaki kimya.

Shemeji alifika mapema. Alipiga magoti kwenye vumbi akawahesabu kwa kidole bila kuwagusa, kama anayeogopa watayeyuka. Tumempa na mama yao awalee. Akainuka, akanishika mikono yote miwili.

"Shemeji, wote walinyamaza siku ile," akasema. "Wewe ulisema, na umetenda."

Nikamtazama mke wangu. Alikuwa ameinamia kikapu, anafunga kamba. Angeweza kusema neno moja. Hakusema. Nikafungua mdomo ili niseme ukweli mimi mwenyewe. Nikausikia unasema, "Usijali, shemeji."

Alhamisi, 28 Mei

Nimetafakari kwa siku tatu na sasa moyo umetulia. Mayai yalitoka kwa jirani, sawa. Lakini yalikaa katika banda langu, chini ya kuku wangu, na Kamanda akiwika juu ya paa kwa mpango wangu. Kuna mambo sayansi haijayafikia. Nimelieleza hili kibandani leo na hakuna aliyepinga. Nilikuwa na wembe mkononi.

Fundi viatu wa upande wa pili wa barabara amesikia sifa zangu. Anataka vifaranga wa bata, aanze ufugaji na mkewe. Nimemwahidi ishirini.

Jioni nimenunua bata wawili. Wakubwa, wanang'aa, kila mmoja ana unyoya uliojikunja vizuri mkiani. Mwalimu alikuwa anapita, akasimama, akawatazama kwa muda mrefu kuliko adabu. Akasema wote wawili ni madume.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Ni wageni bado. Wakishazoeana watapanga wenyewe nani atage.