Kuhesabiwa kwa Walaji wa Dagaa Kwenye Leseni ya Databesi

Gungu, Kigoma
12 Oktoba

Kwa Meneja wa Leseni,
Kampuni ya Ghala Data,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na kiyoyozi chako kinafanya kazi. Mimi ni Gasper Ruhazwe, mtengeneza programu wa hapa Gungu. Nakuandikia kwa heshima zote kulalamikia bei ya databesi yenu, ambayo ndiyo inayotunza taarifa za programu yangu iitwayo Zamu. Zamu inapanga nani aanike dagaa kwenye kichanja gani na siku gani, katika mwalo wa Katonga, pale mitumbwi inaposhusha dagaa. Mteja wangu ni kikundi kimoja cha akina mama thelathini na wanne. Sina mwingine.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Fomu yenu inauliza idadi ya watumiaji, "wa moja kwa moja na wasio wa moja kwa moja". Mimi ni mtu mkweli. Programu ni ya dagaa, na mtumiaji wa dagaa hata mtoto anamjua: ni yule anayewala. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kikundi, Bi Skolastika, tukakaa tukahesabu: shule mbili za bweni, wateja wa soko la Ujiji, na magunia ambayo mchuuzi wetu Mélanie anavusha kwenda Bujumbura. Tukapata watumiaji 61,412. Hao kumi na wawili wa mwisho ni wakwe zangu, niliwahesabu kwa majina. Kompyuta yenu haikushangaa hata kidogo. Ilinijibu kwa bei.

2. Bei yenyewe sasa. Nikiuza kiwanja, kompyuta na pikipiki ya shemeji yangu Adolf (hajaulizwa bado), nitapata leseni ya kunifikisha Jumatano.

3. Nilipiga simu. Binti mmoja mwenye adabu sana akanieleza kwamba mtumiaji ni anayebonyeza vitufe. Nikamuuliza, basi asiye wa moja kwa moja ni nani. Akasema ni yeyote anayefaidika na taarifa bila kuzigusa. Ndugu Meneja, kwa maelezo hayo paka wa Katonga ni watumiaji wenu wakubwa, maana Zamu ikionyesha kichanja cha saba kina dagaa wabichi, wao wameshafika. Nimeambatisha orodha ya paka kumi na tisa ninaowafahamu. Sitaki baadaye nije kushtakiwa kwa kuficha.

4. Kama mmeamua kuhesabu walaji, basi hesabuni kwa haki. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, mitumbwi haiendi kuvua, na watu wanakula maharage. Serikali ikifunga ziwa ili samaki wazaliane, hiyo ni miezi mitatu ya maharage. Kwa hiyo naomba leseni isimame kila mwezi mpevu, na siku hizo mnirudishie. Kalenda ya mwezi nitawatumia bure. Sitawauliza mko watumiaji wangapi.

5. Mmenijulisha kwamba nisipolipa, tarehe 31 mtaifunga programu. Hapa naomba niache utani. Mvua zimeshaanza. Vichanja ni ishirini, akina mama ni thelathini na wanne, na dagaa wasioanikwa asubuhi wanaharibika siku hiyo hiyo. Bila Zamu nani atawapanga? Naogopa watashikana kanga pale mchangani. Na mimi naogopa kwa upande wangu. Hii ndiyo kazi pekee iliyofanya watu waniite fundi. Kabla ya hapo nilikuwa tu yule wa Gungu anayeshinda na kompyuta, na sitaki kurudi huko.

Kwa hiyo naomba mpunguze bei, au mtume mtu wenu aje awahesabu walaji mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Tutampikia dagaa kwa mawese. Akishakula, mtamwongeza kwenye orodha awe wa 61,413.

Wasalimie wote hapo ofisini, hasa yule binti wa simu, na mlinzi kama mnaye. Bi Skolastika na kikundi kizima wanawasalimu. Mke wangu Wema naye anawasalimu, ingawa alinishauri nisiandike.

Ni mimi, mteja wenu mdogo kuliko wote,
Gasper Ruhazwe

N.B. Kabla ya kuituma barua hii nilishuka Katonga asubuhi na mapema, ili Bi Skolastika asaini kama shahidi. Sijawahi kufika pale saa zile. Nimekuta mabeseni yamepangwa mstari mchangani, kila moja lina alama ya mwenyewe, na akina mama wanaanika kwa kufuata mstari huo. Hakuna aliyeshika simu na hakuna aliyegombana. Nikasimama nyuma ya mtumbwi, nikamsikia katibu wao, Frida, akiwakumbusha wenzake wampe majina ayaingize kwenye Zamu vile walivyokwisha kuanika, kama kila siku, Gasper asije akavunjika moyo. Imeniuma. Halafu nikaona kwamba wananipenda. Nikarudi nyumbani bila saini.

Tafadhali rekebisheni fomu. Watumiaji ni wawili: Frida anayeingiza, na mimi ninayefungua kila jioni kuangalia kama kila kitu kimekwenda sawa. Tovuti yenu inasema watumiaji wasiozidi watatu hawalipi kitu, sehemu ambayo sikuisoma kwa sababu nilikuwa nahesabu walaji. Naomba mtuweke huko. Na mkipiga simu Katonga kuhakiki, nawasihi sana, msiwaambie kwamba nimejua.