Hotuba ya Mkuu wa Wilaya Pyo Akizindua Kliniki ya Uzazi ya Mugok

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Wilaya. Mheshimiwa Makamu wake, ambaye ni shemeji yangu lakini alipita kwa haki. Kamanda wa Zimamoto. Mwenyekiti wa Ushirika wa Vitunguu Saumu. Mwalimu Mkuu wa Shule ya Msingi Mugok pamoja na wanafunzi wako wote, yaani Ha-ram, hebu simama wakuone, asante, kaa. Mabibi zangu wa vijiji vyote. Na wageni waalikwa ambao kwa sababu zisizozuilika wamebaki Seoul: itifaki imezingatiwa. (Makofi ya mikono yenye glavu za shambani.)

Ndugu wananchi, tukijielekeza katika tathmini ya kina ya mwenendo wa idadi ya watu ulimwenguni, binadamu tumeshapita bilioni nane, na zaidi ya nusu yetu tumejibana mijini. Kule Lagos na Kinshasa mtu akipiga chafya, watu hamsini wanamwambia afya. Hapa Mugok ukipiga chafya anakuitikia mbwa. (Kicheko.) Ulaya wanazeeka, Japani wamezeeka, na sisi Wakorea, kwa jinsi tulivyo wachapakazi, tunawafukuzia kwa kasi. Lakini chini ya uongozi wangu makini, shirikishi na wenye tija, vizazi wilayani vimepanda kwa asilimia mia mbili, yaani kutoka mtoto mmoja mwaka juzi hadi watatu mwaka jana! (Makofi. Sauti ya bibi: "Wawili wameshahamia Busan!") Wamehama, bibi, lakini takwimu zimebaki.

Ndipo nikabuni Mpango Mkakati Jumuishi wa Uzazi Endelevu. Tazameni nyuma yangu: ghorofa nne, madirisha yanayong'aa, mlango wa kioo! Na mbele yangu ameketi sababu ya yote haya, binti yetu Tak Dan-bi, mjamzito pekee wilayani, ambaye alinijia ofisini akanikazia macho: "Mkuu, mkijenga kliniki nabaki hapa nalima na mume wangu. Msipojenga tunahama, maana siwezi kuzalia barabarani nikikimbizwa mjini saa mbili nzima." Nikamwahidi, na ahadi ni deni. (Makofi. Bibi Gong Mal-sun, mama mkwe wa Dan-bi, anasimama: "We Pyo, kata huo utepe! Mkwe wangu chupa imepasuka!")

Hongera sana! Hii ndiyo huduma kwa wakati. Ila univumilie kidogo, bibi, zimebaki kurasa chache zinazohusu upembuzi yakinifu... ("Upembue nini, mtoto anatoka!") Haya, haya, nakata! (Anakata. Makofi marefu.) Kwa mamlaka niliyopewa, natamka kliniki hii imezinduliwa ra... Bibi, taratibu. Hapana, bibi, mlango huo usiusukume. Bibi! (Bibi Mal-sun anausukuma kwa bega. Ghorofa zote nne zinamwangukia, maana ni turubai lililochorwa. Nyuma yake ni shamba la vitunguu saumu.)

Ndugu wananchi, msitaharuki. Hiyo ilikuwa awamu ya kwanza. Awamu ya pili, inayohusu kuta, ipo kwenye mchakato, na mchakato kwa mujibu wa mwongozo unasubiri wajawazito wafike kumi. (Bibi Mal-sun, akijikwamua kwenye turubai: "Hizo mimba tisa utazibeba wewe?" Kicheko.) Swali zuri, tutalipeleka kwa wadau. Ee, dereva, unakwenda wapi? Hilo gari langu! (Dan-bi anatoa kichwa kwenye dirisha la gari: "Mkuu, baki salama na turubai lako! Mimi na mwanangu haturudi!")

Msimjali, ni uchungu unamsemesha. Tuhitimishe kwa kaulimbiu yetu. Zaa Mugok! (Anaitikia mbwa.) Kaa Mugok! (Mabibi wanakunja viti.) Naona mmezidiwa na furaha. Basi niwashukuru wote: mchoraji wetu, kwa madirisha yale, Mzee Bok, kwa kutuazima shamba lake hadi mchana, nanyi mabibi, kwa kunipigia makofi mkijua. Na kama yupo mwenye trekta anayeelekea stesheni, naomba lifti, kwa sababu gari langu ndiyo hivyo tena, na treni ya Seoul haingoji, na mke wangu na watoto wanaoishi huko hawapendi nichelewe kurudi nyumbani.