Mistari Myeupe ya Bwana Octavian

Jumatatu, 1 Julai 1996
Nimeitwa ofisini. Mimi, Gideoni, msafishaji mkuu wa jengo hili la Dodoma tangu lilipokuwa la shirika la umma! Sasa limeuzwa. Mwenye jengo mpya ni Bwana Octavian, kijana, anatoa shikamoo huku anatazama saa. Jumamosi anafungua maduka ukumbi wa chini. Vigae vinang'aa, ila ile mistari ya simenti katikati ya kigae na kigae imekuwa nyeusi kama sufuria. Wasafishaji tuko wawili, mimi na Bashiri wa Kondoa. Atabaki mmoja. Mimi kushoto, Bashiri kulia, tuone nani ataing'arisha.
Nikampa Bashiri pole mapema. Akacheka. Miaka kumi na tisa tunakula sinia moja, mtu huyu hajajifunza kuniogopa!

Jumanne, 2 Julai
Bashiri kapiga magoti. Maji ya uvuguvugu, sabuni, mswaki mkuukuu. Anasugua mstari, anafuta, anakausha. Kama anaogesha mtoto mchanga. Hadi saa sita, mistari minne! Akaniambia, mzee mwenzangu, simenti hii haitaki papara. Nikamjibu kwamba nilianza kusugua sakafu yeye bado ananyonya. Ana miaka hamsini na nane, lakini ujumbe umefika.
Nikaenda stendi kwa fundi wa betri. Maji makali ya betri, chupa mbili. Nikamwaga moja na nusu. Povu! Moshi! Mistari myeupe! Nusu saa, upande mzima. Nikakaa chini ya ngazi kumtazama Bashiri akihangaika. Raha.

Jumatano, 3 Julai
Msiba. Simenti imeliwa. Nikifagia inatoka unga. Kati ya vigae imebaki mitaro. Kigae kimoja nikikikanyaga kinacheza.
Bashiri ameona. Hakucheka. Akasema stoo kuna saruji nyeupe, tujaze wote wawili leo, bosi hatajua. Nisaidiwe na mshindani? Mimi? Nikamwambia huo ndio mtindo wa kisasa, mitaro ya kupitishia maji.

Alhamisi, 4 Julai
Akili ya Gideoni hailali! Mke wangu Paulina ana debe la unga wa ubuyu. Mweupe kabisa. Nyumba ya tembe ya marehemu baba niliikandika udongo kwa mikono hii, kamtaro ka kigae katanishinda? Nikakoroga ubuyu na uji mzito wa muhogo ili ushike. Na sukari, ili ung'ae. Paulina akauliza kama nina homa.
Nimejaza kwa kidole. Saa kumi Bwana Octavian akapita. Kwangu akasema safi sana, mzee. Kwa Bashiri bado robo. Akamwambia kesho asije.
Nilidhani nitafurahi. Bashiri akatungua kanzu yake ya Ijumaa kwenye msumari, akanipa mswaki wake. Akasema nitauhitaji. Habari ya maji ya betri alikuwa nayo mdomoni, hakuitoa kwa bosi. Akaondoka.
Msumari uko mtupu. Nimeutazama sana.

Jumamosi, 6 Julai
Wageni wamejaa. Sisimizi wamejaa zaidi! Wametoka bustanini, wameshika mistari yangu, wanakata kona kama askari wa gwaride. Mama mmoja akapanda juu ya kiti. Bwana Octavian akakanyaga kile kigae kinachocheza, akayumba, akaangukia utepe kabla ya mkasi kufika.
Akauliza nani kafanya haya. Mdomo wangu ukasema Bashiri. Mbele za watu! Bosi akanyoosha kidole upande wa Bashiri. Hakuna hata sisimizi mmoja. Akasema, mzee, nenda nyumbani ukapumzike.
Kazi basi, imekwenda. Lile jina ndilo linaloniuma. Sijala tangu asubuhi.

Jumatatu, 8 Julai, Kondoa
Nimekuja kwa basi kuomba radhi. Nikamrudishia Bashiri mswaki wake. Nikaeleza yote, hata la mdomo wangu. Akauweka mswaki dirishani. Kisha akasema, mzee mwenzangu, njaa ya safari kwanza. Tukala sinia moja. Nikatokwa machozi, nikasingizia pilipili.
Amepata kazi gesti ya shemeji yake. Baraza lote la vigae. Anasema nikae siku tatu.
Sasa kaenda msikitini, swala ya alasiri. Niko barazani hapo gesti peke yangu. Masikini Bashiri, magoti yanamsumbua. Mistari yake ina weusi huku pembeni. Kidogo tu, lakini jicho la fundi linaona. Wema wake lazima niulipe. Kwenye mfuko wangu ile chupa ya pili bado iko nusu, na ubuyu nimemletea kama zawadi.
Kosa la Dodoma nimeshalijua. Ilikuwa sukari. Hapa siweki hata kijiko.
Akirudi atashangaa!