Nguo za Dada Wembe

Jumatatu, 12 Mei 2025

Siku mbaya. Mvua tangu asubuhi, umeme unakatika na kurudi, na akina mama wamekuja.

Walisimama mbele ya banda langu la gemu, hapa Likombe, miavuli juu, wakiutazama ukuta. Ukutani yupo Dada Wembe. Ndivyo vijana wanavyomwita yule mwanamke wa gemu ya mapanga, na mimi nilimpa Arsenio mchoraji kazi ya kumchora kando ya mlango, mkubwa kuliko mlango wenyewe. Panga mkononi, limeinuliwa juu. Mwilini vitambaa viwili, ambavyo hata ukivishona pamoja hupati leso ya kufutia jasho. Sikuvikata mimi! Walivikata waliotengeneza gemu, huko huko waliko.

Msemaji wao alikuwa Bi Mastura. Akina mama wote wa Likombe, msemaji awe yeye! Bi Mastura ni mama yake Safina. Safina ndiye ninayetaka kumwoa. Mjomba Shaibu ameshapeleka posa, na jibu linatoka Ijumaa baada ya swala. Nimeshaota mpaka mapazia.

Hakufoka. Afadhali angefoka. Aliniambia taratibu kwamba mwanangu, mabinti wanapita hapa kwenda madrasa, huyu mtu msitiri. Akaondoka. Nikabaki nauambia mgongo wake ndiyo mama, ndiyo mama.

Constantino alisikia yote. Ana banda la gemu kama mimi, ng'ambo ya barabara. Kwake ni mpira tu, na wachezaji wa mpira wanavaa soksi mpaka magotini. Kabla ya adhuhuri alikuwa ametundika kibao: HAPA WOTE WAMEVAA. Mnafiki mkubwa.

Jumanne, 13 Mei

Nimefanya kosa la kuwauliza wateja. Banda zima limewaka. Salumu anasema mpiganaji hawezi kupigana na gauni, atajikwaa. Yusufu anasema hiyo ni katuni, na katuni haina aibu. Riziki wa bodaboda anasema yeye hana maoni, ila Dada Wembe asiguswe. Alisema hivyo bila kutoa macho kwenye skrini.

Jioni Safina alipita, katoka kwenye cherehani yake, tepu ya kupimia bado shingoni. Alisimama mlangoni akatazama pambano zima. Kisha akauliza. Jitu la Chuma, anayepigana na Dada Wembe, amevaa chuma mpaka kwenye vidole vya miguu. Dada wa watu tumbo wazi. Mapanga ni yale yale. Sasa nani kati yao aliyevalishwa na mtu anayemtakia uhai?

Mimi nikacheka ili nionekane nimeelewa.

Baadaye aliniambia pembeni kwamba dawa ni nyepesi. Ndoo ya chokaa na brashi. Paka ukuta, mama atulie, Ijumaa ipite salama. Namhurumia Safina wangu. Msichana mzuri, lakini biashara haijui. Bila Dada Wembe ukutani, mimi na Constantino tutakuwa na tofauti gani?

Nina njia yangu. Naanza na skrini.

Jumatano, 14 Mei

Njia yangu imekufa.

Nilibandika karatasi ya kaki kwenye televisheni, usawa wa kifua cha Dada Wembe mpaka magotini. Nilisahau kwamba anaruka. Karatasi inabaki pale pale, yeye yuko hewani na vitambaa vyake. Aliyesitirika ni Jitu la Chuma, ambaye hakuwa na shida. Salumu alikatwa kichwa na mtu asiyemwona, akasusa. Alasiri wateja wote walikuwa ng'ambo. Nilikaa peke yangu na karatasi yangu, nikiwasikia wakishangilia goli.

Huzuni inanishika vibaya siku hizi. Umri unakwenda. Wenzangu wana watoto wanaojua kusoma, mimi nina televisheni mbili, na moja ina mstari wa kijani. Safina ni kitu kizuri pekee kilichowahi kugeuka kunitazama tena. Nikimkosa huyu, sijui. Sitaki kuandika.

Baadaye: nimepata! Mwanamke wa hapa akibishiwa hodi ghafla, anavuta nini ajifunike? Kanga! Dada Wembe atavalishwa kanga. Anabaki ukutani, heshima inabaki, posa inapita. Wakati mwingine najiogopa kwa akili hii.

Alhamisi, 15 Mei

Arsenio amekuja na makopo yake ya rangi. Kwao ni Kilambo, kule mpakani, hapa kahamia juzijuzi tu. Ni fundi hodari, lakini ana maswali. Kanga rangi gani, bosi? Ina maneno gani? Kanga bila maneno si kanga, bosi, ni shuka.

Kweli. Lakini mimi nilikuwa nakimbilia kinyozi, nipendeze kwa ajili ya kesho. Nikamwambia atazame kamba yoyote ya nguo hapa mtaani, achague kanga nzuri, ainakili neno kwa neno.

Nimerudi nimekuta kazi safi! Kanga ya zambarau na njano, pindo jeusi, korosho katikati, imefungwa kifuani na kushuka mpaka kwenye visigino. Na maneno yake makubwa, meupe, tumboni: NISUBIRI NARUDI. Yanafaa kabisa kwa biashara. Mteja anatoka, anayasoma, anajua lazima arudi!

Constantino alisimama mlangoni kwake akautazama ukuta muda mrefu. Roho inamuuma.

Ijumaa, 16 Mei

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi watu walijaa mbele ya banda. Nikadhani ni wateja. Riziki alikuwa anapiga picha na simu, huku akimwita Dada Wembe "Bi Mastura". Vijana wanacheka mpaka wanashikana mabega. Constantino hakucheka. Hapo ndipo nilipoogopa. Alivuka barabara, akaniuliza kama nina wazimu.

Kanga ile ni ya Bi Mastura. Arsenio aliiona kwenye kamba yake. Mtaa mzima unaijua. Marehemu Issa, mume wake, alikuwa akivuka pale Kilambo kwenda Msumbiji kutafuta vitenge. Safari ya mwisho alimwachia doti hiyo. Nisubiri, narudi. Mto ulikuwa umejaa, mtumbwi ukapinduka, na mpaka leo hakuna kaburi. Bi Mastura haivai. Huianika tu mvua ikikatika, isishike ukungu, kisha huirudisha sandukuni.

Nilimwambia Constantino kwamba mimi sikujua. Akashangaa. Akasema hata yeye anajua, itakuwaje Safina asinisimulie? Basi nikakumbuka. Alinisimulia, mwaka jana, hapa hapa bandani. Mimi nilikuwa nasubiri gemu mpya imalize kupakuliwa. Nakumbuka alikuwa analia. Nilimwambia pole. Sikusikia pole ya nini.

Kisha Bi Mastura mwenyewe akaja. Safari hii peke yake. Alisimama akausoma ukuta, midomo ikimcheza, utadhani maneno yale anakutana nayo leo. Akajifunika uso kwa mtandio, akaondoka. Nilitaka kusema hata ile ndiyo mama. Haikutoka.

Baada ya swala mjomba Shaibu amerudi na posa. Barua na kitambaa chake, vyote vimerudi kama vilivyokwenda. Anasema hakukaribishwa hata kuketi. Anasema pia nisimwite mjomba mbele za watu mpaka atakaponiruhusu.

Jumamosi, 17 Mei

Safina amekuja na ndoo ya chokaa na brashi. Hakunisalimia. Alianza kupaka kwenye maneno.

Nikaleta ngazi. Akasema niirudishe nilikoitoa. Nikasema nilikuwa na nia njema. Akaendelea kupaka. Nikasema kosa ni la Arsenio. Hapo akageuka, chokaa inamchuruzika mkononi.

"Twahiru, mtu wa ukutani ulimvua, ukamziba na karatasi, ukamvalisha. Ukaja na kwa mama yangu. Katika yote hayo, mwanamke gani ulimuuliza?"

Nikamwambia yeye nilimuuliza, Jumanne. Akasema sikumuuliza, alisema mwenyewe, nami nikacheka.

Ni kweli. Alimaliza, akachukua ndoo yake, akaenda bila kugeuka. Nilimtazama mpaka alipokata kona kwenye duka la unga. Leo nimelia. Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma. Ukuta wote mweupe sasa, isipokuwa panga, kule juu. Hakulifikia.

Jumatatu, 19 Mei

Jana sikufungua banda. Nililala kifudifudi siku nzima, nikifikiri mambo aliyoniambia Safina. Amenifungua macho. Nimelielewa kosa langu, lote!

Kosa ni kwamba nguo ya Bi Mastura ilivaliwa na mtu mwingine. Ndiyo maana iliuma. Basi dawa ni kumchora Bi Mastura mwenyewe! Ukuta mzima. Sura yake kabisa. Buibui mpaka chini, mtandio, heshima tupu, mabinti wa madrasa wapite wamwamkie. Panga lipo tayari pale juu, atalishika yeye, hasara hakuna. Akijiona vile atatoa machozi, ataniita mwanangu, na posa itarudi kwake, safari hii ipokewe.

Arsenio anasita. Anauliza kama mwenyewe nimemuuliza. Nimemweleza kwamba zawadi haiulizwi, ukiiuliza inaharibika. Constantino amekishusha kile kibao chake, tena ameniletea chai. Ananitazama kwa huruma. Wivu huo.

Limebaki suala la buibui tu. Arsenio anataka lile pana la kawaida, wanalovaa akina mama. Mimi nimekataa. Nimeamua liwe na nakshi za dhahabu, na pale kiunoni libane kidogo.